Kiti cha Gitaa la Pili

Jirani yetu wa chini ana kikombe kimoja. Akipata mgeni hugonga mlango wetu, na Mama bila hata kuuliza ni nani huniambia, "Mwende, mpelekee Mzee kikombe." Ana sufuria moja, kijiko kimoja, na jozi moja ya viatu vyeusi anavyovipiga rangi kila jioni. Mwavuli hana kabisa. Siku moja mvua ilimkuta Spine Road akaingia ploti yetu ya kupanga viatu vikilia kwa maji. Mama akamwambia, "Si ununue mwavuli, Mzee?" Akajibu, "Kwani mimi ni sukari?"

Lakini mtu huyohuyo akienda kupiga gitaa la besi hubeba magitaa mawili.

Nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyowahi kufikiria Kemia. Wasichana wa darasa langu la Kidato cha Tatu wana mambo yao ya kuwanyima usingizi, na mimi nina hili: kwa nini mtu asiye na kikombe cha pili awe na gitaa la pili? Si swali dogo. Gitaa hilo ndilo lililomfanya apoteze nafasi yake katika bendi ya kanisa, na aliyepewa nafasi hiyo ni mimi.

Jina lake sitaliandika. Watu wa ploti wanamwita Mzee wa Besi, au Mzee tu. Siku za wiki anaendesha basi la shule, lile la manjano linalopita Kayole likikusanya watoto wa chekechea. Wanaolipanda wanasema hajawahi kumkemea mtoto. Kelele zikizidi, huanza kugonga usukani kwa vidole, tum, tum-tum, polepole, na baada ya muda watoto wote wanagonga viti kwa mdundo uleule bila kujua nani aliuanza. "Kelele ni nyimbo zisizo na besi," aliniambia. Sijui kama ni kweli, lakini nimeijaribu kwa mdogo wangu na ilifaulu nusu.

Ana maneno ambayo ukimzoea unaanza kuyasema hata wewe. La kwanza ni, "Doh iko wapi?"

Kama hujawahi kuimba kwaya, doh ni nyumbani kwa wimbo. Ukishaijua doh, zile noti nyingine zinajua pa kukaa. Ukiikosa, unaweza kuwa na sauti tamu kuliko malaika na bado ukaimba upuzi. Sasa kanisa letu lina desturi moja. Mwimbaji hatangazi anaanzia wapi. Anafumba macho, anafungua mdomo, na wimbo unatoka pale roho ilipomshukia. Sisi wa vyombo kazi yetu ni kumtafuta. Mama Ndinda ndiye kiongozi wetu wa sifa, ana sauti ya kupasua mabati, na yeye huanzia kokote. Mara nyingine anaanzia kati ya noti mbili, mahali ambapo hakuna chombo kinachoishi. Mzee husema Mama Ndinda akianza wimbo ni kama mtu amepiga simu akasema "nimefika" halafu akakata.

Kwa hiyo Mzee anainamisha kichwa, anagusa uzi mmoja, anausikiliza, anasogea kidogo, anagusa tena. Anakunja uso. Halafu uso unafunguka. Kila mtu kwenye bendi anamtazama uso, maana ukifunguka tu, tunajua amepata. Hiyo ni "Doh iko wapi" ya kazini.

Lakini anaitumia kwa kila kitu. Siku moja akina mama wa ploti walikuwa wakigombana na msimamizi pale kwenye bomba la maji. Huyu anasema bili, yule anasema pampu, mwingine ameingiza habari za mbwa wa mtu. Mzee alifika na mtungi wake, mmoja bila shaka, akasimama kwenye foleni akasikiliza weee, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Jameni, doh iko wapi hapa?" Watu wakacheka. Halafu mama mmoja akasema, "Doh ni kwamba maji hayajakuja tangu juzi na watoto wanaenda shule bila kuoga." Hata msimamizi akaona hapo ndipo pa kuanzia. Habari ya mbwa ikaachwa.

Jambo lingine kumhusu ni masikio. Friji ya duka lililo chini ya ploti yetu inanguruma mchana kutwa, na yeye hupitia hapo kabla ya mazoezi, anaegemea kaunta kama anayenunua kitu, kumbe anasikiliza. Anasema huo ndio umeme wenyewe, na stima ya Kenya inalia karibu na noti ya G, imepanda kidogo tu. "Hata stima haijafika nyumbani sawasawa," anasema, "na inalipisha watu." Mwenye duka anajua. Mzee akiingia anamwambia, "Sikiliza haraka, kuna wateja."

Alipokubali kunifundisha nilidhani ananihurumia. Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akilitaja jina langu darasani, jibu ninalo, ila mdomo unafunga kama duka siku ya maandamano. Kinachonichoma si kukosea. Ni zile shingo kugeuka. Darasa zima likigeuka kunitazama kwa pamoja, nasikia ngozi ya uso ikiwaka, na baada ya hapo sikumbuki hata swali lilikuwa nini. Mama alikuwa ameniingiza kwenye kwaya ili nizoee watu, nikajificha safu ya nyuma, na safu ya nyuma iko karibu na besi. Ndivyo nilivyoanza kumtazama vidole.

Siku moja baada ya ibada aliniuliza, "Wewe unaimba au unanihesabia vidole?"

Nikasema, "Nahesabu."

"Basi njoo uhesabu ukiwa umeshika."

Kanisa lilikuwa na besi yake kuukuu stoo, imefunikwa na mapazia ya Krismasi. Akaitoa, akaifuta, akabadilisha nyuzi. Jumamosi asubuhi tukawa tunakaa kwenye veranda yake, mimi na ile ya kanisa, yeye na yake nyeusi. Ile ya pili, nyekundu, alikuwa ameishonea mfuko kwa turubai la lori, nayo ilikuwa inakaa ndani ya nyumba kitandani. Kitandani! Yeye mwenyewe nadhani alikuwa akiihamisha wakati wa kulala.

"Besi ni chombo cha watu wenye haya," aliniambia Jumamosi ya kwanza. "Ikilia hakuna anayeigeukia. Ikinyamaza ndiyo watu wanajua ilikuwepo." Nilifurahi sana kusikia hivyo. Niliichukua ile nusu ya kwanza tu. Ile ya pili ilipita juu ya kichwa changu.

La pili alilonifundisha: "Usiangalie vidole vya Brayo."

Brayo ndiye mpiga kinanda na kiongozi wa bendi. Ni kijana wa Buruburu, amesoma, ana kompyuta ya kurekodia, na anapiga vizuri, nisimwonee. Ila anapiga kwa kii moja tu, yaani doh moja. Kinanda chake kina kitufe cha kuhamisha sauti: vidole vinabaki palepale alipozoea, unabonyeza, na sauti inapanda au inashuka yenyewe. Kwa hiyo ukitazama vidole vyake unaona kii ya C, na spika inatoa kitu kingine kabisa. "Kile kinanda kinasema uongo kwa uso mtakatifu," Mzee alisema. "Sikiliza, usitazame."

Jumapili ya mavuno tuliona maana yake. Brayo alikuwa amepandisha nusu sauti kwenye wimbo wa kwanza akasahau kurudisha. Wimbo wa pili kwaya ikaanza kwa kii ya mazoezi, yeye akaingia kwa nguvu, na kanisa zima likasikika kama redio mbili kwenye chumba kimoja. Mzungumzaji mgeni alishika sikio. Mzee akasimama pale na kwaya, imara, hakusogea hata hatua moja kumfuata Brayo, mpaka Brayo akakumbuka kitufe chake. Kevo, mpiga dramu, alicheka hadi akaangusha kijiti. Tangu siku hiyo akitaka kumchokoza Brayo anamwambia, "Buda, umeteremsha lifti?"

Hapo ndipo nilipopata nadharia yangu ya kwanza. Nilijiambia: gitaa la pili limetegwa nyuzi zake nusu sauti chini. Mama Ndinda akianzia pabaya, Mzee anabadilisha gitaa. Ni akili! Nikaona nimefumbua. Jumamosi iliyofuata aliingia ndani kuchemsha chai, nikachungulia, nikafungua ule mfuko wa turubai kidogo tu, nikagusa uzi wa juu.

Ulikuwa uleule. Noti ileile kama ya lile jeusi. Nikagusa na nyingine. Zilezile.

"Zimelingana?" aliuliza kutoka ndani bila kutokea.

Nilitaka ardhi inimeze. "Zimelingana, Mzee."

"Vizuri. Funga zipu, vumbi."

Basi nikaanza kuuliza watu. Mama alisema moja ni ya harusi na nyingine ya matanga, lakini nilishayaona yote mawili kwenye harusi na yote mawili kwenye matanga. Mama Ndinda alisema kwa uhakika kabisa kwamba lile jekundu lilikuwa la rafiki yake aliyefariki. Nilipomuuliza Mzee rafiki huyo alikuwa nani, alishangaa. "Gani? Hili nilinunua mtaa wa Tena, kwa kijana aliyekuwa anahama. Yuko hai, juzi nimemwona akila mutura."

Kevo alisema ni maringo. Alimwambia mbele yetu kwenye mazoezi, wakati Mzee anafungua mfuko wa pili: "Lakini Mzee, nyuzi za besi si za solo. Hazikatiki ovyo. Ya pili unabebea nini, si ni kututishia tu?"

"Wewe una mguu wa pili wa nini?" Mzee akamuuliza.

"Wa kutembea!"

"Basi na mimi."

Watu walicheka, na swali likafa hapo. Alikuwa bingwa wa kuliua. Mimi mwenyewe nilimuuliza mara kadhaa, na kila mara nikapata jibu jipya. Mara, "Moja likichoka linapumzika." Mara, "Yanaogopana, yakiwa mawili yanafanya kazi." Mara moja alinitazama muda mrefu akasema, "Uliza tena ukiwa mkubwa." Nikaudhika, kwa sababu nilikuwa nimefikisha miaka kumi na sita wiki hiyo.

Hatukuwahi kuliona gitaa hilo likipigwa. Hilo ndilo lililonisumbua. Linafika, linatolewa kwenye mfuko, linategwa kwa uangalifu ule ule, linawekwa kwenye kiti kando yake, na ibada ikiisha linarudishwa. Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki kama vile vya washirika. Mtu akichelewa akakiona, akikaribia, Mzee alikuwa akimwambia kwa upole, "Samahani, hapo kuna mtu."

Na hicho kiti ndicho kilicholeta shida.

Kanisa lilijaa. Watu walihamia kwetu kutoka mitaa ya Tena na Umoja, ukumbi ni uleule wa mabati, na wakaongeza spika kubwa mbele zilizokula nusu ya nafasi yetu. Wamama wenye watoto wakawa wanasimama ukutani huku gitaa limekaa. Nikisema ukweli, hata mimi niliona haya kwa niaba ya gitaa. Mazoezi ya Jumamosi moja Brayo aliongea. Hakuongea vibaya mwanzoni.

"Mzee, nafasi imeisha. Kuanzia kesho tulete besi moja."

"Nitakaa pembeni zaidi," Mzee akasema.

"Si kukaa pembeni. Ni hicho kiti. Kiti ni cha mtu, si cha gitaa."

"Basi nitaliegemeza ukutani."

"Hapo ukutani kuna waya za spika. Mzee, hulipigi! Tangu nije hapa sijawahi kukuona ukilipiga. Moja inatosha."

"Mbili," Mzee akasema.

"Moja."

"Brayo, mimi nakuja na mbili au siji."

Kwaya ilikuwa imefika, wamekaa wanasubiri. Brayo akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekasirika, akasema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, "Kwani unaogopa nini?"

Kwaya yote ikageuka.

Nilitegemea moja ya majibu yake. Hata Kevo alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasubiri. Mzee akainama, akalirudisha lile jekundu kwenye turubai, akalirudisha lile jeusi, akavuta zipu moja, akavuta ya pili, akatoka. Tulisikia viatu vyake kwenye kokoto mpaka vikaisha.

"Atarudi," Brayo alisema. Hakurudi kesho yake, wala Jumapili iliyofuata.

Mtu huyu hana mke tunayemjua, watoto wake wako mbali, ana kikombe kimoja. Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akivaa tai. Sasa Jumapili tukishuka ngazi kwenda ibada tulikuwa tukiuona mlango wake umefungwa na redio ikilia ndani kwa sauti ya chini. Mama alikuwa akigonga na kusema, "Mzee, tunaenda." Naye alikuwa akijibu, "Niombeeni."

Brayo akanijia. "Mwende, unajua nyimbo zote. Shika besi ya kanisa, tusonge." Nilitaka kukataa. Mdomo ukafunga kama kawaida, na mtu akinyamaza wanahesabu amekubali. Hivyo ndivyo nilivyochukua kazi ya mwalimu wangu: kwa kunyamaza.

Nilipiga. Sikuharibu sana. Mama Ndinda akianza, nilikuwa nainamisha kichwa kama Mzee, nagusa uzi, nasogea. Watu walisema mtoto anajitahidi. Lakini nilikuwa napiga kwa woga ambao sijui nieleze vipi. Ile besi ya stoo ina tundu la waya lililolegea, ukigeuka vibaya inakohoa, na nilikuwa nikiimba rohoni, usikatike, usikatike, ibada nzima, badala ya kuabudu. Ndipo nikaanza kupatazama mahali kile kiti kilipokuwa. Alikuwa amekaa pale mama mmoja na watoto wake mapacha. Nikawaza: kama hapo kungekuwa na nyingine, hata kama siigusi kamwe, ningepiga tofauti.

Nikaona niende nimuulize tena.

Nilimkuta Jumamosi asubuhi nje ya ploti akiosha basi la shule, suruali ameikunja mpaka magotini. Alinipa kitambaa, nikaanza upande wa pili. Tulisugua mpaka tukakutana nyuma ya basi, kwenye taa.

"Mzee, nimekuja kuuliza lile swali."

"Umekuwa mkubwa?"

"Sijui. Lakini nimekalia kiti chako sasa, na naogopa."

Aliacha kusugua. Akakaa kwenye ngazi ya basi, akaikamua sifongo yake mpaka maji yakaisha.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Kundi letu lilialikwa harusi kubwa, watu wamejaa. Katikati ya wimbo, sauti ya besi yangu ikapotea. Waya wa ndani ulikuwa umeachia. Unapiga, hakuna kitu. Wenzangu wakaendelea kidogo, halafu wimbo ukaanza kulegea, unajua vile wimbo unalegea. Na watu wote wakageuka kunitazama. Wote. Bibi harusi, wapishi, watoto. Nikachanganyikiwa, nikaanza kuifanya kwa mdomo." Akaifanya, kwa sauti ndogo: "Bum, bum, bum-bum."

Nilijizuia nisicheke.

"Cheka. Wao walicheka."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndiyo hiyo. Wakacheka, fundi akatengeneza waya, tukaendelea, tukala."

"Hakuna aliyekufa?"

"Afe kwa nini? Ni harusi."

Nilikuwa nimengojea kitu kikubwa. Miezi yote hiyo nilikuwa nimejitayarisha kwa jambo la kuliza. Na kumbe ni shingo tu. Shingo za watu kugeuka, mara moja, zamani, na tangu hapo mtu mzima akabeba gitaa la pili kila mahali. Halafu nikajitazama mimi, msichana anayejua majibu ya darasa zima na hajawahi kunyoosha mkono, nikaona hakuna mtu Kayole nzima anayefaa kuambiwa habari hii isipokuwa mimi.

"Si ungemwambia Brayo hivyo tu?" nikasema. "Angekuelewa. Ungekuwa bado una nafasi yako."

"Aliuliza naogopa nini. Wakageuka tena, Mwende. Kwaya nzima." Akaitazama ile sifongo mkononi. "Na kwa swali hilo sikuwa na nyingine ya kuchukua."

Mazoezi yalikuwa saa nane. Sikumwambia Mzee ninachotaka kufanya, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kama nitaweza. Nilifika nikaketi na besi mapajani, sikuchomeka waya. Brayo akasema, "Twende." Nikabaki vilevile.

"Sasa, Mwende? Kuna shida?"

Nikasema, "Naogopa."

Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Mama Ndinda akageuka. Safu ya kwanza ikageuka, ya pili ikageuka, na uso wangu ukaanza kuwaka kama jiko. Nikaendelea tu, maana kurudi nyuma kulikuwa mbali zaidi. "Hii besi inakohoa. Naogopa itakatika watu wote waniangalie. Kila Jumapili naogopa. Nataka Mzee arudi. Na akitaka kuja na mbili aje na mbili, mimi nitasimama, kiti changu kiwe cha hiyo nyingine."

Nilisikia spika ikinguruma, karibu na G.

Halafu Kevo akainama chini ya dramu, akatoa mfuko, akaumimina juu ya ngoma. Ni vijiti. Vijiti vya kila aina, vipya, vilivyochongoka, vimefungwa kwa mpira. "Manze," alisema, "mimi niko na vijiti za kupika githeri ya harusi. Na sijawahi kuvunja hata moja hapa."

Kwaya ikaangua kicheko. Mama Ndinda akasema yeye hutembea na limau la kulainishia koo kwenye kibeti tangu mwaka juzi na hajawahi kulikata. Mtu wa sauti ya tatu akasema ameandika maneno ya beti kwenye kiganja. Ikawa kama ushuhuda wa Jumatano. Brayo peke yake hakucheka. Alikuwa anakitazama kinanda chake, kile kitufe, anakigusa kwa kidole bila kukibonyeza.

"Mwambie aje," alisema hatimaye.

Nilimwambia. Mzee hakujibu ndiyo wala hapana. Aliuliza tu kama bado nina kitambaa chake.

Jumapili nilitangulia. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, watu wanajipepea kwa karatasi za matangazo. Tulikuwa tumeshajipanga, Mama Ndinda ameshafumba macho, ndipo wale wa mlangoni wakafunguka katikati kama pazia, na yeye akapita. Tai, viatu vinang'aa. Mkono wa kulia mfuko mweusi, mkono wa kushoto turubai. Yote mawili.

Alifika mbele akasimama. Hapakuwa na pa kukaa.

Brayo alitazama mfuko wa kwanza, akatazama wa pili. Maikrofoni yake ilikuwa wazi, na swali likatoka kwenye spika zote kabla hajalizuia. Safari hii hakuliuliza kwa hasira. Nadhani lilimtoka kwa mazoea.

"Na hii ya pili, Mzee?"

Kanisa zima likageuka. Wamama wa ukutani, watoto, mchungaji kwenye kiti chake, wote. Nilimwona Mzee akizimeza zile shingo moja moja. Nilijua anavyosikia usoni. Nilitaka kusema kitu kwa niaba yake, na nashukuru sikusema.

"Naogopa, kijana wangu," Mzee akasema. "Ndiyo sababu."

Akabaki amesimama palepale, mifuko mikononi, akawaacha wamtazame.

Brayo aliinua mkono kuwaita wahudumu wa mlangoni.

"Leteni viti viwili," akasema.